Baba na Antena ya Ndani

Kijana wa duka la vitu vya umeme pale Embu mjini aliniuliza swali la kawaida tu. Nilikuwa nimeingia kumnunulia Mama antena, kwa maana kile kisanduku cha stesheni za bure anacho tayari, ila kila akikiwasha kinamwandikia kwamba hakuna mawimbi. Kijana akapangusa kaunta kwa kiganja, akasema, "Madam, unataka ya ndani ama ya nje?" Nikafungua mdomo nimjibu, na badala ya jibu yakaja machozi. Mimi si mtu wa kulia madukani. Nimezaa, nimezika, nimesimamia mitihani ya watoto wanaotetemeka mpaka kalamu inaanguka, na macho yangu yakabaki makavu. Lakini hapo niliinama nikajifanya natafuta simu kwenye mkoba.

"Ya ndani ni ndogo, inakaa tu hapo kwa meza," akaendelea, maskini, akidhani tatizo ni bei. "Lakini kama nyumba ni ya mabati, itakusumbua."

"Najua," nikamwambia. "Ilishatusumbua."

Wewe wa rika langu, uliyekulia huku kwetu, unaikumbuka TV ya betri. Ile ya picha nyeusi na nyeupe, yenye kitufe kikubwa cha kuzungusha stesheni hata kama stesheni yenyewe ilikuwa moja. Unakumbuka harufu ya asidi ya betri ya gari chini ya meza, na kitambaa cha kufumwa kilichofunika kioo mchana ili vumbi lisiingie. Yetu ililetwa na Baba kwa pikipiki, imefungwa kwa mpira wa baiskeli juu ya blanketi, wakati kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Tulikaa mteremko wa pili kutoka soko la Karurumo. Watu waliokuwa wakichuma kahawa walisimama na vikapu kiunoni wakamtazama akipita.

Baba alikuwa mtu wa mifugo. Watu walimwita daktari, naye kila mara aliwaambia yeye si daktari, ni mtu wa kuchanja na kupandisha ng'ombe tu, nao waliendelea kumwita daktari. Alinuka dawa ya kupe hata Jumapili. Nyuma ya pikipiki alibeba sanduku la bati lenye sindano, kamba, na chaki nene za buluu za kuwekea ng'ombe alama. Hizo chaki ndizo zilizonikosesha adabu, kama utakavyoona.

Kabla ya TV nikuambie kuhusu dada yangu, maana bila yeye TV isingekuwepo. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Cucu, yaani nyanya yetu, alikuwa Wawira, basi dada naye akawa Wawira, na kwa sababu hiyo Baba alimwita mama yake. "Mami, niletee maji." "Mami, umelisha ndama?" Alimwita hivyo akiwa bado anatambaa, na alimwita hivyo hata siku ambazo sisi wengine tulikuwa tunatafuta pa kujificha. Mimi, wa mwisho, nilikuwa Kanini, kadogo. Jina hilo halikuwa na heshima yoyote ndani yake na nilimwonea dada wivu.

Wawira alipomaliza kidato cha nne, Baba alimtafutia nafasi chuo cha ualimu. Alizunguka na zile karatasi mwezi mzima. Kisha wakaja watu wa kuandikisha askari, uwanjani. Baba alikuwa ameteremka Mbeere siku tatu kuchanja mbuzi. Wawira akaenda, akakimbia bila viatu, akawapita wasichana wote na wavulana kadhaa, wakamtazama meno na miguu, wakamwambia apande lori kesho yake asubuhi. Akapanda. Baba aliporudi alikuta kitanda kimetandikwa.

Aliketi kwenye kiti chake akaanza kufungua kamba za viatu. Mama akamweleza polepole, maneno machache machache. Baba hakupaza sauti. Alisema tu, "Aliyeondoka bila kuniaga asije kunisalimia." Akavua kiatu cha pili. Tangu siku hiyo neno Mami halikusikika kwa boma letu. Akilazimika, alisema yule. "Yule aliacha sweta hapa." Chumba chetu, mimi na dada, alikijaza magunia ya chakula cha ng'ombe akatia kufuli, nami nikahamia nyumba ya Cucu. Nilimchukia Baba kwa hilo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilikuwa na miaka tisa.

Sasa TV. Baba alisema ameinunua asikize habari. Pamoja nayo alileta antena ya ndani, kile kitako cha plastiki chenye fimbo mbili za chuma za kuvuta. Aliiweka juu ya kabati, akavuta zile fimbo, akaunganisha betri. Kioo kikajaa chengachenga, kama mtu anapepeta unga ndani yake, na sauti ya mtu ikatoka mbali ikisoma bei ya pareto.

Cucu aliingia na fimbo yake kukagua. Hakutazama kioo hata kidogo. Alitazama antena.

"Hiyo mbuzi ya chuma," akauliza, "pembe zake zinaangalia wapi?"

"Zinaangalia mlango, Mami," Baba akasema, maana huyu alikuwa Mami wake halisi.

"Ndiyo maana haioni. Zigeuze ziangalie Kirinyaga. Mimi sijawahi kuona kitu kizuri kikija hapa kutoka upande mwingine."

Cucu alikuwa mtu wa kanisa, kiti chake kilikuwa mstari wa pili na hakuna aliyethubutu kukikalia. Lakini akiomba nyumbani alitoka uani akaelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ambako wazee walisema Mungu hukaa, kama mama yake alivyofanya, na hatukuona ugomvi wowote hapo. Hata nguzo ya mbao iliyobeba antena ya nje kwa Baba Njeru, ng'ambo ya bonde, ilielekezwa Kirinyaga. Na ya jirani yake vilevile. Hakuna aliyewaambia. Ukiwa na kitu cha kupokea, utakielekeza wapi kwingine? Kwa hivyo mteremko mzima tulitazama chengachenga wiki mbili kwa imani kubwa, mpaka Baba Njeru alipoleta fundi kutoka mjini. Fundi alipanda nguzo, akacheka mpaka karibu aanguke, akaigeuza antena ikaupa mlima mgongo. Mawimbi yalikuwa yanatoka upande tuliokuwa tumeupa kisogo.

Baba alipopata habari aligeuza yetu pia. Lakini hakutaka kumvunja Cucu moyo, basi akisikia fimbo yake uani anaruka, anaelekeza pembe mlimani, anaketi. Cucu anaingia, anatazama, anaridhika. Akitoka, pembe zinageuka. Mama alikuwa anajificha jikoni kucheka. Hizo ndizo siku pekee nilizomwona akicheka tangu Wawira aondoke.

Hata zikigeuzwa, mabati yalitushinda. Picha ilikuja akipita mtu mlangoni, ikaondoka akiketi. Mama akasema tuweke ya nje kama watu. Ilikuwa rahisi, miti ilikuwepo, fundi alikuwepo.

"Ya ndani inatosha," Baba akasema.

"Inatosha kuona nini? Mvua?"

"Nimesema inatosha. Ukiweka nguzo nje umeita watu. Jumamosi utapata wamejaa hapa mpaka kwa miguu ya kitanda."

"Na wakijaa? Kwa Baba Njeru wanajaa."

"Mimi si Baba Njeru."

Mama akarudi jikoni, na mimi nikajaza sababu zangu mwenyewe. Nikajua ni uchoyo. Kisha ikaja barua nikapata sababu mbaya zaidi. Barua iliandikiwa Cucu, kupitia kanisa, na kwa vile Cucu hakusoma, mimi ndiye niliyemsomea, tukiwa tumekaa juu ya magunia tukichagua kahawa. Mama alikuwa hapo. Baba alikuwa hatua tano kutoka kwetu akiosha pikipiki. Wawira aliandika kwamba mafunzo ni magumu lakini anakula vizuri, na kwamba amechaguliwa kwa gwaride la sikukuu ya taifa, mwezi wa kumi na mbili. Mtaniona kwa TV, aliandika. Mwambieni na Baba.

Cucu akasema, "Soma tena hapo mwisho." Nikasoma tena, kwa sauti ya kanisa. Baba akaendelea kusugua gurudumu lile lile. Hakuuliza neno, akainua ndoo akaenda kuteka maji mengine. Nikajua moyoni mwangu kwamba antena inawekwa ndani ili siku hiyo tusione kitu.

Ndipo alama zikaanza kutokea. Ya kwanza niliiona kwenye ubao wa ukuta juu ya kabati, duara dogo la buluu na mstari mfupi pembeni. Ya pili dirishani. Ya tatu sakafuni karibu na kile kigoda cha Mama. Sasa, mtoto wa mtu wa mifugo anajua maana ya alama ya buluu. Wanunuzi wa ng'ombe wakija, Baba alipita katikati ya mifugo akapima, akagusa, na aliyechaguliwa alichorwa duara la buluu nyongani. Jioni lori lilibeba wenye duara. Mwaka uliotangulia lilimbeba ng'ombe wetu mwekundu, niliyekuwa nimemlea kwa chupa, na nilikuwa nimemsugua lile duara kwa maji na kitambaa mpaka Mama akanivuta mkono.

Kwa hivyo nilipoona duara karibu na kigoda cha Mama, nililala kwa Cucu usingizi haukuja. Hesabu ilikuwa wazi. Wawira ameshaondoka, sasa ni zamu ya Mama. Nilianza kumfuata Mama kila mahali, shambani, mtoni, mpaka chooni nikisubiri mlangoni. "Wewe una nini?" akaniuliza. Nikasema sina kitu. Mambo ya namna hiyo hukuweza kumwambia mtu mzima, angekuambia ujinga na wewe unajua unachojua.

Siku ya kuamkia sikukuu, Baba alitoka asubuhi kwenda kwa ng'ombe aliyekwama akizaa. Mama akanipa ndoo, sabuni na kitambaa nipanguse nyumba. Nikakuta kufuli la chumba chetu limening'inia wazi. Nikaingia. Magunia yalikuwa yamesukumwa upande mmoja, kitanda cha dada kimefunuliwa, na juu ya dirisha, karibu na mto wake, palikuwa na alama kubwa kuliko zote. Maduara mawili, moja ndani ya lingine, na mishale miwili midogo. Nilisimama hapo na maji yakinidondokea miguuni. Yule alikuwa amewekewa alama mara mbili. Hatarudi kamwe.

Nikazifuta. Nilisugua ya dirishani kwanza, kwa sabuni, kwa kucha, mpaka ubao ukawa mweupe. Nikatoka nikasugua ya kigoda, ya kabati, ya mlango. Nilipata saba. Nikamwaga maji ya buluu chini ya mgomba na nikajisikia, kwa mara ya kwanza tangu dada aondoke, mtoto mwenye nguvu.

Asubuhi ya sikukuu Baba alinyoa ndevu. Akavaa shati la kanisa. Bila kusema kitu alibeba TV kutoka sebuleni akaiingiza chumba cha Wawira, akaiweka juu ya magunia mawili, akarudi kuchukua betri, kisha antena. Sisi tulibaki tumesimama. Kisha akaita, "Kujeni basi. Mami, kaa hapa kwa kitanda." Cucu akaketi, Mama akaketi, mimi nikasimama karibu na mlango.

Baba akainama dirishani na antena mkononi. Akapitisha kidole kwenye ubao. Akapitisha tena. Akatoka sebuleni, tukamsikia akitembea kutoka kabati mpaka mlango, akarudi.

"Nani amefuta alama zangu?"

"Alama gani?" Mama akauliza.

"Nilikuwa nimetafuta hapa mahali picha inashika. Wiki tatu nimetafuta, nyinyi mkiwa shambani. Hapa dirishani ndipo ilishika safi kabisa. Nilikuwa nimechora pembe zikae namna gani."

Mama akasema labda ni usafi wa sikukuu, nyumba imepanguswa. Mimi nilikuwa nimeficha mikono nyuma. Wiki tatu. Nilitaka sakafu ifunguke. Baba akaja pale mlangoni, akachukua mkono wangu wa kulia kutoka mgongoni, akaugeuza. Kiganja kilikuwa buluu mpaka kwenye mistari. Alikitazama kwa muda, kisha akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, akaurudisha mkono ulipokuwa.

"Kaa mbele kabisa, Kanini," akasema. "Utaniambia."

Gwaride lilikuwa limeanza. Ngoma na tarumbeta zilisikika vizuri, sauti haikuwahi kutusumbua, lakini kioo kilikuwa unga mtupu. Baba akaweka antena dirishani, akageuza, akavuta fimbo moja, akafupisha nyingine. Hakuna kitu. Akaiinua juu ya TV, akanyoosha mkono, na picha ikaja. Akaishusha, ikaenda. Akajaribu kuiegemeza kwa gunia, kwa kiti, kwa biblia ya Cucu. Ikakataa. Ilikuwa inamtaka yeye mwenyewe, na si popote, pale nyuma ya TV, mgongo dirishani, mkono juu. Akishika pale, watu walionekana wakitembea. Akiachilia, unga.

"Niletee nishike mimi," Mama akasema, akainuka. Alipoishika picha ikafa. Baba akaichukua tena ikafufuka.

"Keti," akamwambia. "Saa inaenda. Nitashika."

Kwa hivyo ndivyo tulivyokaa. Sisi watatu tukiangalia TV, na Baba nyuma yake akituangalia sisi. Karibu mwaka hakutamka jina la mtoto wake, alinunua TV akitumaini kumwona humo siku moja, alimtafutia picha kimya kimya kila pembe ya nyumba, na sasa alikuwa mtu pekee chumbani asiyeweza kuona kioo. Na aliyemfanyia hivyo ni mimi. Hayo nayaelewa leo. Siku hiyo nilielewa nusu tu.

Wakaja wanaume, mistari na mistari. Kisha msemaji akasema sasa ni kikosi cha wanawake walio mafunzoni. Mama akashika ukingo wa kitanda. Wakaingia, sketi, kofia, mikono ikipanda na kushuka pamoja. Walikuwa wengi ajabu, na kwa zile chenga zilizobaki nyuso zao zilikuwa madoa meupe. Nilitafuta. Nilitafuta mpaka macho yakauma.

"Mnamwona?" Baba akauliza.

"Wako wengi," Mama akasema. "Sijui ni huyu wa pembeni. Sijui."

"Mimi nawaona wote ni yeye," akasema Cucu.

Baba alikuwa ananitazama mimi. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka na picha nayo ikatetemeka.

"Kanini," akasema. "Mami anatembeaje?"

Mama aligeuza kichwa ghafla. Ilikuwa karibu mwaka tangu amwite dada hivyo. Cucu alifunga macho. Na mimi sikuwa nimemwona mtu yeyote, nilikuwa naona kofia tu, lakini nilimtazama Baba usoni nikasema, "Anatembea vizuri, Baba. Ako mstari wa mbele."

"Wa mbele?"

"Wa mbele kabisa. Anarusha mkono mpaka juu."

"Amekonda?"

"Hapana. Amenenepa kidogo."

Kisha akauliza lile lililokuwa limemkaa moyoni tangu siku ile ya uwanjani. "Ana viatu?"

"Ako navyo, Baba. Vyeusi. Vinang'aa."

Akaitikia kwa kichwa pole pole, akajifuta uso kwa bega kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umeushikilia ule uliochoka. Hakushusha antena mpaka kikosi cha mwisho kilipopita, na hata hapo alibaki ameishika kwa muda, wimbo wa taifa ukapigwa, sisi tukasimama naye.

Baada ya mwaka mpya Wawira alikuja nyumbani na mkoba wa turubai. Baba alimkuta langoni, akamtazama miguu kwanza, kisha uso. "Mami, umefika," akasema, basi, akamchukua mkoba. Tukila, Baba akasema kwa majivuno, "Kanini alikuona kwa gwaride. Mstari wa mbele." Wawira akaacha kutafuna. Akanitazama, akamtazama Baba. "Ndiyo, Baba," akasema. "Nilikuwa hapo." Nikashangaa sana. Kumbe nilikuwa nimesema kweli bila kujua. Niliamini hivyo miaka na miaka, kwamba katika maisha yangu niliwahi kudanganya mara moja na Mungu akaufanya ule uongo kuwa kweli kwa kuwa nilikuwa na shida.

Baba tulimzika mwaka huu, kabla ya mvua. Ndiyo sababu Mama anataka TV iongee nyumbani, kumekuwa kimya mno. Nilimnunulia ya ndani. Kijana wa duka alinionya tena kuhusu mabati, nikamwambia afunge. Nilipofika Karurumo nilimkuta Wawira ameshafika kutoka mji wa Maua, anakokaa tangu astaafu, kichwa cheupe na mgongo bado wima. Wakati Mama yuko jikoni akipakua githeri, mimi na dada tulikuwa nyuma ya TV tukihangaika na waya, na kwa sababu ya ile antena mkononi nikajikuta nimemwambia yote. Alama, ndoo, kiganja, zile kofia. Nikamwambia sikumwona.

"Najua hukuniona," akasema. "Sikuwepo."

Alikuwa ameteguka kifundo cha mguu siku tatu kabla. Wenzake wakitembea, yeye alikuwa jikoni kambini akimenya viazi. Jioni hiyo hiyo alimwandikia Baba barua, ya kwanza kwake tangu aondoke, akamwomba msamaha kwa kuondoka bila kuaga, na akamwambia kama alimtafuta kwa TV asisikitike, hakuwa kwenye mstari wowote.

"Kwa hivyo Baba alijua," nikasema. "Pale mezani, akisema mstari wa mbele, alikuwa anajua."

Wawira akafungua mkoba wake, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Mwandiko wa Baba, ule wa kujaza kadi za ng'ombe, herufi zimesimama moja moja. Ameandika kwa Kiembu, kwa Kiswahili ni hivi:

Mami, barua yako nimeipata. Unasema hukutembea siku ile. Kanini amesema ulitembea vizuri na viatu vilikuwa vinang'aa, na mimi nimeshaamini Kanini. Usimwambie mtoto tofauti. Chumba chako nimetoa magunia. Njoo nyumbani.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikabaki nimesimama hapo nyuma ya TV, mkono juu na ile antena, mpaka Mama akaingia na sahani, akaketi mbele ya kioo, akaniuliza kama picha imekataa.